Tohara na VVU: Jinsi hesabu inavyopima kama uhusiano ni wa kweli au ni wa bahati

Na Mwandishi Wetu

WANAUME 2,784 wenye umri wa kati ya miaka 18 na 24 waliandikishwa mjini Kisumu, magharibi mwa Kenya, kuanzia Februari 2002 hadi Septemba 2005. Wote walikuwa hawajatahiriwa, wote walipimwa na kukutwa hawana virusi vya UKIMWI (VVU), na wote walikubali kwamba kura ndiyo itakayoamua nani atahiriwe mara moja na nani asubiri miaka miwili.

Kura iliwapeleka wanaume 1,391 katika kundi la tohara na 1,393 katika kundi la kusubiri. Desemba 2006, kabla ya muda uliokuwa umepangwa, jaribio hilo lilisimamishwa. Katika kundi la kwanza walikuwa wameambukizwa VVU wanaume 22, na katika kundi la pili 47.

Namba hizo mbili, 22 na 47, ni miongoni mwa namba zilizobadili sera za afya katika nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kusini. Machi 2007, Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI (UNAIDS) yalipendekeza tohara ya hiari kuwa mojawapo ya njia za kupunguza maambukizi kwa wanaume. Tangu hapo, zaidi ya wanaume na wavulana milioni 25 wametahiriwa chini ya mpango huo.

Hata hivyo, mtu mwenye mashaka ana haki ya kuuliza swali moja. Wanaume 47 kwa 22 ni tofauti ya watu 25 tu kati ya karibu watu 3,000. Anayerusha shilingi mara kumi hashangai ikiangukia upande mmoja mara sita. Kwa nini basi tofauti ya Kisumu isiwe ni mchezo wa bahati, kwamba katika kundi la kusubiri waliangukia tu vijana wengi zaidi waliokuwa na mikosi?

Swali hilo halijibiwi kwa hisia wala kwa wingi wa vyeo vya wanaosema. Lina hesabu yake, na hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Nyumba ya vyumba vinne

Wataalamu wa takwimu hugawa taarifa katika aina mbili kubwa. Zipo zinazopimwa kwa kipimo, kama uzito, urefu au shinikizo la damu. Na zipo zinazomweka mtu katika kundi: ametahiriwa au hajatahiriwa, anavuta sigara au havuti, amechanjwa au hajachanjwa, ameambukizwa au hajaambukizwa. Aina hii ya pili huitwa vigeu vya makundi, na sehemu kubwa ya taarifa zinazoandikwa kila siku katika madaftari ya zahanati na hospitali ni za namna hii.

Vigeu viwili vya makundi vinapokutanishwa, hutengeneza jedwali. Kwa Kisumu, jedwali hilo ni kama nyumba ya vyumba vinne. Chumba cha kwanza wamo walio katika kundi la tohara na wakaambukizwa, nao ni 22. Cha pili ni kundi la tohara wasioambukizwa, 1,369. Cha tatu ni kundi la kusubiri walioambukizwa, 47. Cha nne ni kundi la kusubiri wasioambukizwa, 1,346.

Baada ya hapo huulizwa swali ambalo kwa mara ya kwanza huonekana la ajabu: lau tohara isingekuwa na uhusiano wowote na maambukizi, vyumba hivi vingekuwa na watu wangapi?

Jibu lake ni rahisi. Walioambukizwa jumla ni 69 kati ya 2,784, yaani karibu asilimia 2.5 ya washiriki wote. Kama tohara haibadilishi chochote, basi kila kundi lingepata sehemu ileile. Asilimia hiyo ikichukuliwa kwa watu 1,391 wa kundi la tohara, wangeambukizwa karibu 34.5. Kwa watu 1,393 wa kundi la kusubiri, nao wangekuwa karibu 34.5. Hizo huitwa idadi tarajiwa. Hakuna mtu nusu duniani, lakini hesabu haijali.

Kilichoonekana Kisumu ni 22 mahali palipotarajiwa 34.5, na 47 mahali palipotarajiwa 34.5. Kila chumba kimeachana na matarajio yake kwa watu wapatao 12.5. Vyumba vya wasioambukizwa vimeachana kwa kiasi hichohicho, kwa sababu anayetoka chumba kimoja lazima aingie kingine.

Sasa tofauti hiyo huzidishwa kwa yenyewe ili alama ya kutoa ipotee, kisha hugawanywa kwa idadi tarajiwa ya chumba husika. Sababu ya kugawanya ni ya busara: kukosea kwa watu 12 pale palipotarajiwa 34 ni jambo kubwa, bali kukosea kwa watu 12 pale palipotarajiwa 1,356 ni jambo dogo. Ukifuata desimali zote, kila chumba cha walioambukizwa kinachangia takriban 4.5, na kila chumba cha wasioambukizwa kinachangia takriban 0.1. Jumla yake ni 9.25.

Hiyo ndiyo kai-mraba. Kai ni jina la herufi ya Kigiriki inayotumika kuiandika, na mraba ni kwa sababu tofauti zimezidishwa kwa zenyewe. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo kilichoonekana kinavyozidi kuwa mbali na kile ambacho bahati peke yake ingeleta.

Mzozo wa Pearson na Fisher

Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 1900 na Karl Pearson, mtaalamu wa hisabati wa Uingereza aliyefundisha katika chuo cha University College London. Lakini kujua kwamba jumla ni 9.25 hakusaidii mpaka kuwe na mpaka wa kulinganisha, na hapo ndipo ulipozuka mzozo mkali.

Pearson aliona kwamba jedwali la vyumba vinne lina nafasi tatu za kubadilika kwa uhuru. Kwa hesabu yake, jumla inapaswa kuvuka 7.81 ndipo uhusiano uaminiwe kwa kiwango kilichozoeleka. Mwaka 1922, kijana aliyeitwa Ronald Fisher alionyesha kwamba mzee huyo alikosea. Ukishajua jumla ya kila kundi na jumla ya walioambukizwa, inatosha kujazwa chumba kimoja tu, na vitatu vilivyobaki vinajijaza vyenyewe kwa kutoa. Uhuru ni mmoja, si watatu, na mpaka sahihi ni 3.84. Pearson hakulipokea jambo hilo kwa moyo mkunjufu, ila historia imempa Fisher ushindi.

Si ugomvi wa wasomi tu. Kisumu, kwa 9.25, inavuka mipaka yote miwili. Lakini lipo jaribio la pili, lililofanyika wakati uleule wilayani Rakai, kusini mwa Uganda, likiongozwa na Ronald Gray wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na wenzake wa Uganda. Liliandikisha wanaume 4,996 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Waliopewa tohara walikuwa 2,474 na wakaambukizwa 22. Waliosubiri walikuwa 2,522 na wakaambukizwa 45. Kai-mraba yake ni karibu 7.6. Kwa mpaka wa Fisher inavuka vizuri. Kwa mpaka wa Pearson ingekwama mlangoni.

Mpaka wa 3.84 unatokana na mazoea ya kukubali hatari ya asilimia tano, mazoea ambayo Fisher aliyasambaza kupitia kitabu chake cha mwaka 1925. Maana yake ni kwamba kama kweli hakuna uhusiano wowote, basi majaribio matano katika kila mia yatavuka mpaka huo kwa bahati tu. Asilimia tano haikushuka kutoka mbinguni. Ni makubaliano ya watu, na wapo wanaodai mpaka mkali zaidi.

Kwa Kisumu, jumla ya 9.25 ina maana hii: lau tohara isingekuwa na uhusiano na maambukizi, tofauti kubwa kiasi kile au zaidi ingejitokeza mara 24 hivi katika majaribio 10,000. Ni vyema msomaji akatulia hapa kidogo, kwa kuwa sentensi hiyo hupotoshwa mara nyingi, hata na wanahabari. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 99 kuwa tohara inafanya kazi. Wala haisemi kwamba kila aliyetahiriwa amekingwa. Inasema tu kwamba bahati, ikiachwa peke yake, ni maelezo dhaifu sana ya kilichotokea.

Watafiti wenyewe, wakiongozwa na Robert Bailey wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, hawakuishia kwenye vyumba vinne. Walitumia njia ndefu zaidi inayozingatia muda ambao kila mshiriki alifuatiliwa, kwa kuwa si wote waliomaliza miaka miwili. Kwa njia hiyo, maambukizi katika miaka miwili yalikuwa asilimia 2.1 kwa kundi la tohara na asilimia 4.2 kwa kundi la kusubiri. Matokeo ya Kisumu na Rakai yalichapishwa pamoja katika jarida la Lancet, Februari 2007. Yalilingana na yale ya Orange Farm, Afrika Kusini, yaliyochapishwa mwaka 2005 na kundi la Bertran Auvert, ambako walioambukizwa walikuwa 20 kwa 49 kati ya wanaume 3,274 walioandikishwa.

Kwa nini watu walisubiri karibu miaka 20

Fununu kwamba tohara inahusiana na VVU hazikuanza mwaka 2002. Mwaka 1989, watafiti waliokuwa wakiwafuatilia wanaume 293 mjini Nairobi, ambao walikuwa wamepata magonjwa ya zinaa kutoka kwa wanawake wanaouza miili yao, waliripoti kwamba 24 kati yao walipata VVU, na kwamba hatari kwa wasiotahiriwa ilikuwa zaidi ya mara nane ya ile ya waliotahiriwa. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Kenya wa mwaka 2003 ulikuta asilimia 13 ya wanaume wasiotahiriwa wana VVU, dhidi ya asilimia tatu ya waliotahiriwa.

Tofauti ya 13 kwa tatu ni kubwa kuliko ile ya Kisumu, na watu waliopimwa walikuwa maelfu. Kai-mraba ya namba hizo inavuka mpaka kwa mbali sana. Kwa nini basi WHO haikutoa pendekezo lake mapema?

Sababu ni kwamba nchini Kenya tohara haigawanywi kwa kura. Inagawanywa na kabila, dini na mahali mtu alipozaliwa. Wajaluo, kwa mila yao, hawakuwa na jando, na wengi wao wanaishi kandokando ya Ziwa Victoria, katika eneo ambalo kwa miaka mingi limekuwa na maambukizi ya juu kuliko mengine nchini humo. Waislamu wa Pwani wote hutahiri. Kwa hiyo anayewalinganisha waliotahiriwa na wasiotahiriwa analinganisha pia Pwani na Ziwa, wavuvi na wasio wavuvi, wanaokunywa pombe na wasiokunywa, mila hii ya ndoa na mila ile. Kai-mraba haijui lolote kati ya hayo. Yenyewe huhesabu watu vyumbani tu, haiulizi waliingiaje.

Ushahidi wa hatari hiyo uko Tanzania. Katika utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2003-04, wanaume waliotahiriwa ndio waliokutwa na kiwango cha juu kidogo cha VVU kuliko wasiotahiriwa, kinyume kabisa cha Kenya. Je, tohara inakinga Mombasa na kudhuru Dar es Salaam? La. Wakati huo tohara ilikuwa imeenea zaidi mijini kuliko vijijini, na maambukizi ya mijini yalikuwa juu kuliko ya vijijini. Mji ulikuwa umesimama nyuma ya pazia, ukivuta kamba zote mbili.

Jambo la tatu linalojificha hivi limewapoteza hata magwiji. Fisher huyohuyo aliyemsahihisha Pearson aliingia miaka ya 1950 akipinga kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu, ingawa Richard Doll na Austin Bradford Hill walikuwa wamekwisha kuonyesha uhusiano huo nchini Uingereza mwaka 1950. Fisher, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji wa kiko, hakupinga kwamba uhusiano upo. Alidai kwamba huenda kuna maumbile ya kurithi yanayomfanya mtu apende sigara na papo hapo kumweka katika hatari ya saratani. Hoja yake ilikuwa halali kama swali. Ushahidi uliofuata ndio uliomwacha peke yake.

Hapo ndipo inapoonekana thamani ya kura ya Kisumu. Kura haijui nani Mjaluo na nani Mluhya, nani mlevi na nani mcha Mungu, nani ana wapenzi watatu na nani hana hata mmoja. Huwatawanya wote katika makundi mawili kwa usawa unaokaribiana, pamoja na yale ambayo hakuna mtafiti aliyefikiria kuyauliza. Na pale baadhi ya washiriki walipokiuka kura, wengine wakakataa kisu na wengine wakatafuta tohara kabla ya zamu yao, waliendelea kuhesabiwa katika chumba walichopangiwa mwanzoni. Wapo wanaoona hiyo ni hesabu ya ajabu. Lakini anayemruhusu mshiriki kuhama chumba anarudisha hiari ya mtu katika jedwali, na pamoja na hiari hiyo yanarudi mambo yote yaliyokuwa yamefukuzwa na kura.

Kwa maneno mengine, kai-mraba ya Kenya ya mwaka 2003 na kai-mraba ya Kisumu ni hesabu ileile. Kilichozitofautisha ni namna watu walivyoingia vyumbani.

Wanawake 159 wa Rakai

Kama kuvuka mpaka hupotoshwa, kutovuka hupotoshwa zaidi.

Rakai palifanyika jaribio jingine ambalo halikupata sauti kubwa kama la kwanza. Watafiti walitaka kujua kama kumtahiri mwanamume ambaye tayari ana VVU kunampunguzia mwenzi wake wa kike hatari ya kuambukizwa. Wanaume 922 wenye VVU waligawanywa kwa kura. Katika uchambuzi mkuu, wenzi wa kike wasio na VVU walikuwa 92 upande wa tohara na 67 upande wa kusubiri. Matokeo yalichapishwa katika Lancet mwaka 2009: wanawake 17 waliambukizwa upande wa tohara, sawa na asilimia 18, na wanawake wanane upande wa kusubiri, sawa na asilimia 12.

Vyumba vinne vikipangwa upya kwa namba hizi, kai-mraba inatoka 1.25, chini kabisa ya mpaka wa 3.84. Kwa njia ya watafiti wenyewe, tofauti ya namna hiyo ingeweza kuletwa na bahati mara 36 katika mia. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa kuwa ilionekana lisingeweza tena kuonyesha faida iliyotafutwa.

Mtu anaweza kuandika kichwa cha habari kinachosema "Tohara haina athari kwa wanawake", na atakuwa ameandika jambo ambalo jedwali halisemi. Jedwali linasema wanawake 159 hawatoshi kutoa hukumu. Tofauti ya 18 kwa 12 inaweza kuwa bahati, na inaweza kuwa madhara ya kweli yaliyokosa watu wa kutosha kuyathibitisha.

Tena watafiti walitazama ndani ya namba hizo na kuona kwamba, katika miezi sita ya kwanza, maambukizi yalikuwa mengi zaidi kwa wanawake ambao wenzi wao walirejea tendo la ndoa kabla ya kidonda kupona. Idadi yao ilikuwa ndogo na hapo napo mpaka haukuvukwa, ila sababu ya kibaiolojia ni wazi kwa yeyote anayejua kidonda ni nini. Ushauri wa kusubiri wiki sita, ambao kila anayetahiriwa hupewa kliniki, unamlinda mwanamume mwenyewe na pia mwanamke ambaye katika majadiliano mengi ya tohara huwa hatajwi.

Wingi wa watu ndio unaoipa hesabu hii macho. Tuseme Kisumu wangeandikisha sehemu moja tu ya kumi: vijana 139 kila upande, wakaambukizwa wawili kwa watano. Uwiano ni karibu uleule, lakini kai-mraba ingeshuka hadi karibu 1.3, na tohara ingetangazwa kuwa haijathibitishwa. Zaidi ya hayo, idadi tarajiwa katika vyumba vya walioambukizwa ingekuwa 3.5, na kanuni ya mazoea hudai isipungue tano. Chini ya hapo kai-mraba yenyewe haiaminiki, na hutumika njia nyingine aliyoibuni Fisher, inayohesabu moja kwa moja kila namna ambayo vyumba vingeweza kujazwa. Utafiti wa wagonjwa 30 wa hospitali moja, unaotangazwa redioni kwa mbwembwe, mara nyingi uko katika hali hii.

Upande wa pili, watu wakiwa wengi mno hata tofauti isiyo na maana huvuka mpaka. Kwa watu milioni moja, tofauti ya asilimia 2.1 kwa 2.2 itatoa kai-mraba kubwa, ingawa hakuna daktari atakayebadili tiba kwa ajili yake. Ndiyo maana mbali na kuuliza kama tofauti ni ya bahati, hulazimu kuuliza ni kubwa kiasi gani. Kwa Kisumu, asilimia 4.2 kushuka hadi 2.1 ni kupungua kwa hatari kwa nusu hivi. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba kwa kila vijana 100 waliotahiriwa, wawili hivi waliokolewa na maambukizi katika miaka miwili, na wawili wengine waliambukizwa wakiwa wametahiriwa. Namba ya kwanza ndiyo inayobandikwa kwenye mabango. Ya pili ndiyo inayoeleza kwa nini aliyetahiriwa bado anaambiwa atumie kondomu.

Mapacha na Mizani

Kuna mtego mmoja zaidi, na huu hupendwa sana na wenye haraka ya kupata habari. Ukilinganisha ugonjwa mmoja na kitu kimoja, hatari ya kudanganywa na bahati ni tano katika mia. Ukilinganisha na vitu 20 visivyohusiana nao, kabila, kazi, chakula, aina ya paa, hatari kwamba angalau kimoja kitavuka mpaka kwa bahati inafika asilimia 64. Mtafiti asiye mwaminifu atatangaza hicho kimoja na kuvinyamazia 19.

Mfano maarufu ulitolewa mwaka 1988 na jaribio kubwa lililoitwa ISIS-2, lililohusisha wagonjwa 17,187 waliofikishwa hospitalini kwa kuhofiwa kuwa na shambulio la moyo. Aspirini ilionyesha manufaa yasiyo na shaka: katika wiki tano za mwanzo vifo vilikuwa asilimia 9.4 kwa waliopewa dawa hiyo, dhidi ya 11.8 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kisha watafiti, kwa makusudi, wakawagawa wagonjwa hao kwa nyota zao za kuzaliwa. Kwa waliozaliwa chini ya nyota za Mapacha na Mizani, aspirini ilionekana kudhuru kidogo.

Hakuna aliyewanyima Mapacha aspirini. Watafiti walichapisha jedwali hilo ili kuwaonya madaktari wenzao kuhusu kugawa wagonjwa katika vikundi vidogo mpaka kimoja kitoe jibu la kushangaza. Magazeti yenye safu za nyota, kwa hakika, hayakupaswa kulipenda.

Kilichofuata baada ya kura

Baada ya jaribio la Kisumu kusimamishwa, wanaume wa kundi la kusubiri walipewa nafasi ya kutahiriwa bila kungoja zaidi, kwa kuwa lisingekuwa jambo la haki kuwanyima kinga iliyokwisha kuonekana. Kenya ilianza mpango wake wa kitaifa mwaka 2008, nguvu kubwa ikielekezwa Nyanza, na Tanzania ikafuata katika mikoa ambayo kijadi haikuwa na jando, ukiwamo Iringa.

Washiriki wengi wa Kisumu waliendelea kufuatiliwa hadi mwaka wa sita. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2013 ilionyesha kwamba kinga haikufifia: hatari kwa waliotahiriwa iliendelea kuwa chini kwa zaidi ya nusu. Lakini ripoti hiyo ilihitaji hesabu ngumu kuliko ile ya vyumba vinne. Kundi la kusubiri lilikuwa limegawanyika, wengine wakichagua kisu na wengine wakikikataa, na tangu Desemba 2006 aliyekuwa akichagua ni mtu mwenyewe. Wachambuzi walilazimika kuwauliza upya kuhusu umri wao, wapenzi wao na magonjwa yao mengine ya zinaa, mambo ambayo mwanzoni kura ilikuwa imeyabeba yote bila kuuliza.